Moshi Haugongi Mtu

Mwaka jana mwezi wa Julai, ile baridi ya Nairobi inayofanya hata konda wa mathree avae kofia ya sufu, nilimpeleka mzee wangu hospitali kwa sababu ya kikohozi. Kilikuwa kikohozi cha miaka. Nyumbani tulikuwa tumekizoea: ukikisikia nje ya mlango, unajua baba amefika, weka chai. Daktari alikuwa kijana wa rika langu, mwenye adabu. Akamuuliza, "Mzee, umewahi kuvuta sigara?" Hapana. "Mlikuwa mnapika kwa kuni?" Zamani, nyumbani ushago. "Na kazi ulifanya gani?" Fundi wa mashine, Industrial Area, miaka 35. Daktari akaandika yote. Akatupa jina refu la ugonjwa wa mapafu, dawa ya kuvuta kwa mdomo, na tarehe ya kurudi.

Swali moja halikuulizwa: ulikuwa unafika kazini vipi?

Nililiuliza mimi tukiwa nje tunangoja gari, ingawa jibu nilikuwa nalo. "Si unajua," akasema. "Baiskeli." Nikamuuliza kama kwa miaka hiyo yote hakuwahi kuogopa ule moshi wa Jogoo Road. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa kama anaogopa vivuli.

"Niliogopa malori. Niliogopa mvua, na wale vijana wa pale darajani jioni. Lakini moshi?" Akakohoa, akacheka. "Moshi haugongi mtu, kijana."

Mimi pia ni mtu wa baiskeli. Natoka Donholm saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nakanyaga hadi tao, dakika 40 nikiwa na bahati, na jioni narudi kwa barabara ileile. Sentensi ya mzee ilinikaa kichwani kwa wiki nyingi kwa sababu ni sentensi yangu pia. Mimi huvaa helmeti. Nina taa mbele na nyuma. Nina koti la rangi ya kung'aa. Kila kitu nilichonunua ni cha kunikinga na kile kinachogonga. Nikaanza kujiuliza: sisi tulijifunza wapi kutouogopa moshi?

*

Anza na lugha yenyewe. Wazee wetu walipoona chombo cha reli hawakukiita gari la chuma wala gari refu. Walikiita gari la moshi. Garimoshi. Walitaja kwanza kile walichokiona kikitoka juu. Na Nairobi ni mtoto wa garimoshi: mwaka 1899 reli kutoka Mombasa ilifika kwenye bwawa la Wamaasai, mahali pa maji baridi, mafundi wakaweka kambi na karakana, na kambi ikakataa kuondoka.

Ukitaka kujua nani alipangiwa kuvuta hewa gani, angalia mji ulivyogawanywa. Mwaka 1913 serikali ya kikoloni ilimleta mtaalamu wa afya kutoka Uingereza, Profesa W. J. Simpson, kuangalia hali ya miji ya Afrika Mashariki. Mji ulikuwa umeshapigwa na tauni, na soko la Wahindi lilikuwa limewahi kuchomwa moto ili kuizuia. Simpson alipendekeza watu watengwe kwa rangi, na sababu aliyoitoa ilikuwa afya. Wazungu walikaa magharibi na kaskazini, kwenye vilima na miti. Wafanyakazi Waafrika waliwekwa mashariki, kwenye tambarare, karibu na reli na baadaye karibu na viwanda: Muthurwa, Pumwani, Shauri Moyo, Kaloleni, Makongeni. Mpango mkuu wa mji wa mwaka 1948 haukuvunja mgawanyo huo. Uliuchorea ramani nzuri zaidi.

Hapa kuna jambo ambalo sikulifahamu hadi nilipoanza kusoma. Huwa tunasema watu wa zamani hawakujua hatari ya hewa chafu. Si kweli. Kulikuwa na watu Nairobi zaidi ya miaka 100 iliyopita walioogopa sana uchafu na hewa nzito, na hofu yao ilisikizwa. Iliwapa kilima. Hofu ya mfanyakazi haikumpa kitu, kwa hivyo hakuwa na sababu ya kuendelea nayo. Kuogopa ni jambo unaloweza kulimudu ukiwa na pa kuhamia.

Kisha moshi wenyewe ukafanywa kuwa habari njema. Nikiwa darasa la nne tuliambiwa tuchore picha ya maendeleo. Sote tulichora kiwanda, na kiwanda kisichotoa moshi kilikuwa hakijakamilika. Mwalimu alinisifu kwa mabomba matatu. Nyumba yetu wakati huo ilikuwa mwendo mfupi tu kutoka kwa mabomba halisi, na hakuna hata mmoja wetu aliyeona ajabu.

*

Mzee alikuja Nairobi mwaka 1979 akiwa na miaka 20. Mwaka 1981 alinunua Black Mamba, ile baiskeli nyeusi ya chuma kizito, keria nyuma ya kubeba gunia, breki za vyuma, kengele inayosikika mitaa miwili. Haikuwa ya michezo wala ya kupunguza tumbo. Ilikuwa nauli aliyoilipa mara moja. Wenzake wengi kiwandani walitembea. Yeye alionekana amepiga hatua.

Barabara aliyoitumia iliitwa Doonholm Road enzi za ukoloni, kisha ikawa Jogoo Road. Anaikumbuka ikiwa na mabasi makubwa, malori ya viwandani, na matatu zikiongezeka kila mwaka. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta alikuwa ameruhusu matatu zibebe abiria bila leseni maalum, na mji uliokuwa na kiu ya usafiri ukazipokea kwa mikono miwili. Nyingi zilikuwa magari makuukuu yaliyofufuliwa na mafundi wa jua kali. Injini chovu haiunguzi mafuta yote. Yale inayoshindwa kuyaunguza huyatoa nyuma. Na nyuma ndiko aliko mtu wa baiskeli.

Fikiria mwili wake. Abiria aliyekaa kwenye basi anavuta pumzi taratibu. Anayekanyaga pedali anavuta hewa mara mbili, tatu, hata nne zaidi kwa dakika, na akipanda mlima anaacha kutumia pua, anapumua kwa mdomo. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, kwa hivyo pumzi hutafutwa zaidi. Asubuhi za Juni hadi Agosti baridi hulaza hewa chini na moshi wa usiku unakuwa bado upo magari yanapoanza. Kwenye raundiabauti, mguu mmoja chini, anangoja, na ekzosi ya lori iko usawa wa goti lake.

Baiskeli, chombo kisichotoa moshi, ndiyo inayomfanya mwenyewe avute moshi wa wengine kwa wingi.

*

Lakini ule moshi mweusi si ndio ulionisumbua zaidi. Kulikuwa na kitu kingine ndani ya hewa ile ambacho mzee hangeweza kukiona hata akitaka.

Mwaka 1921 mhandisi Mmarekani, Thomas Midgley, akifanya kazi katika kampuni ya General Motors, aligundua kwamba ukichanganya petroli na kemikali yenye madini ya risasi, injini inaacha kugonga na inapata nguvu. Kwamba risasi ni sumu kulijulikana tangu kale. Kemikali hiyo iliuzwa kwa jina la Ethyl, neno risasi likaachwa nje. Mwezi Oktoba 1924 wafanyakazi watano katika kiwanda cha mafuta kule New Jersey walikufa baada ya kuvuta mvuke wake, baadhi yao wakiwa wamerukwa na akili. Siku chache baadaye Midgley aliwaita waandishi wa habari, akanawa mikono kwa kemikali hiyo mbele yao na kuinusa kwa sekunde 60 kuonyesha kwamba haina neno. Yeye mwenyewe alikuwa ameshaugua kwa sumu ya risasi kabla ya siku hiyo.

Biashara ikaendelea. Petroli yenye risasi ikaenea dunia nzima, ikafika Mombasa, ikapanda hadi Nairobi. Risasi hiyo hutoka kwa ekzosi ikiwa vumbi laini, inaingia mwilini kwa pumzi, inakaa kwenye mifupa. Kwa mtu mzima inapandisha presha na kuumiza moyo na figo. Kwa mtoto inapunguza uwezo wa ubongo. Kiswahili kinaita madini haya risasi, neno lilelile la kile kinachotoka kwenye bunduki. Tofauti ni kwamba ya bunduki inasikika.

Nchi tajiri zilianza kuiondoa miaka ya 1970. Huku kwetu, nchi za Afrika kusini ya Sahara zilikubaliana Dakar, Juni 2001, kuimaliza, na kufikia Januari 2006 petroli yenye risasi ilikuwa imekoma katika eneo lote. Mmoja wa waliosukuma kazi hiyo lilikuwa shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, ambalo makao yake makuu yako hapahapa Nairobi, Gigiri, upande wa pili wa mji kutoka Jogoo Road. Nchi ya mwisho duniani, Algeria, iliacha Julai 2021. UNEP ilikadiria kwamba hatua hiyo inazuia vifo vya mapema zaidi ya milioni 1.2 kila mwaka.

Huu ni mojawapo ya ushindi mkubwa wa afya wa zama zetu. Nilimweleza mzee hadithi yote Jumapili moja baada ya chakula. Alikuwa amepanda baiskeli miaka 25 katika hewa hiyo, na hakuna aliyewahi kumwambia kilichokuwamo wala siku kilipoondolewa. Nilifikiri angekasirika. Alinyamaza, akazungusha kikombe, akauliza swali moja.

"Walijua lini?"

"Angalau 1924, baba."

Yeye alizaliwa 1959.

*

Baada ya hapo nilianza kuwauliza wenzangu wa barabara. Si utafiti, ni maswali tu tukiwa tumesimama kwa taa au kwa fundi wa pancha pale Burma. Anayesambaza mkate kwa sanduku la nyuma: anaogopa nduthi. Mlinzi anayetoka zamu ya usiku: anaogopa kusinzia. Kijana wa baiskeli ya gia, suruali ya kubana, anafanya kazi ya kompyuta kama mimi: anaogopa kuibiwa. Nilipotaja moshi, wote watatu walikubali upo. "Inakera," akasema wa mkate. Kukera tu, kama kelele. Kisha akaongeza neno ambalo sote tunalijua: "Tumezoea."

Neno hilo lina historia yake katika sayansi ya mji huu. Watafiti wa kituo cha African Population and Health Research Center walikaa na wakazi wa Korogocho, jirani wa jaa la Dandora, na wa Viwandani, jirani wa viwanda, wakawauliza kuhusu hewa. Makala yao ya mwaka 2014 walichagua kuipa jina ambalo kwa Kiswahili ni hilohilo: tumezoea hali hii. Watu hawakuwa wajinga. Walijua moshi unatoka wapi. Walichokosa ni imani kwamba kuna wanachoweza kufanya.

Wahenga walisema mazoea yana taabu. Lakini tusidhani ni tabia ya maskini au ya Waafrika. Wakazi wa London walizoea ukungu wao wa makaa ya mawe kwa vizazi, wakautania na kuupa majina ya chakula, hadi Desemba 1952 ulipotanda kwa siku 5 na hesabu ya waliokufa ikaanzia 4,000. Sheria ya hewa safi ilikuja 1956. Moshi haukuwa mgeni. Kigeni ilikuwa hesabu: ghafla kila mtu aliweza kusoma idadi ya wafu. Hatari nyingi huwa hazianzi kuitwa hatari zinapoanza kuua. Huanza kuitwa hivyo zinapohesabiwa.

Na Nairobi imeshahesabiwa. Mwaka 2009 watafiti, baadhi wao wa Chuo Kikuu cha Nairobi, walipima chembe ndogo zinazoitwa PM2.5. Upana wake haufiki hata sehemu moja ya 20 ya unywele, kwa hivyo pua haizikamati, zinashuka hadi ndani kabisa ya mapafu na nyingine kuingia kwenye damu. Walipima mchana, siku za kazi. Nje ya mji, mashambani, walipata wastani wa mikrogramu 10.7 kwa kila mita ya ujazo ya hewa. Kando ya barabara katikati ya tao, 98.1. Shirika la Afya Duniani leo linashauri wastani wa siku nzima usizidi 15. Kipimo cha mchana si sawa na cha saa 24, lakini huhitaji digrii kuona pengo. Mwaka 2012 shirika lake la utafiti wa saratani lilitangaza kwamba moshi wa dizeli unasababisha saratani.

Mambo mengine yamefanyika. Januari 2015 Kenya na majirani zake wa Afrika Mashariki walihamia dizeli yenye salfa kidogo, isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Katiba ya 2010, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi. Tuna kanuni za ubora wa hewa tangu 2014. Mwaka 2015 Kaunti ya Nairobi ilipitisha sera ya wanaotembea na wanaoendesha baiskeli, ikaahidi asilimia 20 ya bajeti ya usafiri iende kwao. Mwaka 2022 tulifunguliwa Expressway, kilomita 27. Baiskeli haziruhusiwi juu. Chini yake ziko, pamoja na moshi.

*

Basi, niache baiskeli? Mama alishauri hivyo, na ni haki yake. Amesikiliza kikohozi kimoja miaka mingi, hataki cha pili.

Nikatafuta hesabu. Mwaka 2016 kundi la watafiti lilipiga hesabu ya faida ya mazoezi dhidi ya madhara ya hewa. Katika mji wenye wastani wa mikrogramu 22, baiskeli inabaki na faida hata ukiendesha saa nyingi kwa siku. Kwa 100, madhara huanza kuzidi faida baada ya saa moja na nusu. Mimi nakanyaga dakika 80. Wao walizungumzia wastani wa mji mzima, si barabara moja, na wastani wa Nairobi nzima uko chini sana ya ule wa kando ya barabara za tao. Kwa hivyo miguu yangu bado inaninufaisha. Baiskeli si adui. Adui ni kile kilicho mbele yake.

Nilichobadilisha ni njia. Siku hizi naingia ndani, Jericho, Maringo, Kaloleni, natokea karibu na City Stadium. Naongeza dakika 6. Moshi wa barabara kuu hupungua haraka ukisogea hata makumi machache ya mita. Kwa taa nasogea mbele ya magari, sikai nyuma ya ekzosi. Maski ya kitambaa niliiacha. Inazuia vumbi, si hizi chembe ndogo. Zile za N95 zinasaidia zikikaa sawasawa usoni, ingawa kupanda mlima nazo ni shughuli.

Lakini nakubali kwamba hizi ni hila za mtu mmoja. Nimejitafutia kilima changu kidogo, kama wale wa 1913. Wa mkate hawezi kupita Maringo. Wateja wake wako Jogoo Road. Mlinzi hana dakika 6. Njia ya baiskeli iliyotenganishwa na magari, ukaguzi wa moshi unaofanywa kweli na si kwa chai ya karao, mashine za kupima hewa ambazo matokeo yake yanasomwa redioni kama hali ya hewa: haya hayanunuliwi dukani na mtu mmoja. Risasi haikutolewa kwenye petroli na watu waliovaa maski. Ilitolewa na watu waliokubaliana kwamba kuzoea si jibu.

Mzee anaendelea na dawa yake. Daktari hawezi kusema ni moshi wa barabara, wa kiwanda, au wa kuni za utotoni, nami sitasema kwa niaba yake. Black Mamba bado iko nyumbani, imeegemea ukuta, magurudumu hayana upepo. Binti yangu ana miaka 4 na huwa anaipiga kengele kila tukienda kumwona babu. Ameshaniuliza ni lini nitamfundisha.

Nitamfundisha, kwenye vichochoro vya mtaa kwanza. Na siku moja, kama alivyofanya babu yake, ataniuliza walijua lini. Nitakuwa na tarehe ya kumpa. Swali la pili, kwamba baada ya kujua tulifanya nini, ndilo bado sina jibu lake.